Mkono Nusu Juu

Jumatatu, 10 Septemba 2018
Mwaka wa kumi na tisa nafundisha mateke ya kuanzia mchezo wa futiboli ya Kimarekani katika chuo hiki cha Nebraska, na sheria mpya imenimaliza. Zamani mdakaji alidaka mpira wa teke akakimbia nao, akagongwa. Sasa anapunga mkono juu, anadaka, timu yake inapewa mpira kwenye yadi ya ishirini na tano kutoka goli lake. Hakuna kukimbia. Hakuna haja ya kocha. Dombrowski, kocha wa ulinzi, kaniuliza mbele ya wenzetu kama bado nina kazi au huwa napitia kahawa tu. Kocha mkuu, Halvorsen, hakucheka. Kasema Jumamosi nimwonyeshe kitu cha maana, la sivyo kazi yangu atapewa Dombrowski nami nitaendesha basi la timu.

Jumanne, 11 Septemba
Nimesoma kitabu cha kanuni. Karibu ukurasa mzima. Anayepunga lazima mkono upite juu ya kichwa. Je, ukiishia njiani? Wapinzani watadhani kapunga, watasimama. Yeye atatimua mbio. Nikamweleza mke wangu, Marlys. Akauliza mbona watu wote hao hawajawahi kuwaza hilo. Nikamwambia akili si ya wote. Akanipakulia chili, ule mchuzi wa nyama na maharagwe, na mkate wa mdalasini.

Alhamisi, 13 Septemba
Nimemwelekeza mdakaji wetu, Tavion, ajikune kisogo mpira ukiwa hewani. Akauliza, Kocha, nitajikunaje na helmeti? Swali la haki. Tumekubaliana afukuze nzi. Kafukuza mara tano. Mara mbili mpira umemtua begani. Dombrowski kapita, kauliza kama mchezaji wangu anaumwa.

Jumamosi, 15 Septemba
Tunaongoza 20 kwa 19, dakika mbili zimebaki, wao wanapiga teke la kuanzia. Tavion kafukuza nzi, kadaka kwenye yadi ya tatu, karibu kabisa na goli letu. Wapinzani wote wakasimama, mikono kiunoni. Tavion huyo! Nami nikakimbia naye kando ya mstari, na tumbo langu hili. Tulipofika mwisho wa uwanja tukajikuta wawili tu. Filimbi ilishalia zamani. Mwamuzi alinieleza kwa upole: mkono wa nusu unaua mpira palepale ulipodakiwa. Yadi ya tatu. Tavion angepunga sawasawa, tungepewa ishirini na tano. Akaongeza kwamba kanuni hiyo ipo ukurasa uleule, chini kidogo. Mara tu mchezo ulipoendelea tukaangushwa ndani ya eneo letu la goli. Pointi mbili kwao. Tumefungwa kwa pointi moja.

Jumapili, 16 Septemba
Halvorsen kapiga simu baada ya ibada. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema gia ya pili ya basi ni ngumu, nianze kuizoea.

Jumatatu, 17 Septemba
Gia ni ngumu kweli. Lakini nimegundua jambo. Nikiegesha basi nyuma ya goli saa saba mchana, jua likigonga kioo cha mbele litammulika mdakaji wao machoni. Atainua mkono azibe jua. Na huo ni mkono nusu, mpira utakufa hapohapo. Nilitaka kuhakikisha kitabuni, ila Marlys alikuwa ameshaandaa meza.