Hakuna Kucheka Kabla ya Mgeni wa Heshima

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti katikati ya soko la Kitale, mbele ya wauza viazi na wauza mitumba, na kila aliyelisikia alielewa kwamba nchi imepiga hatua. Serikali ilikuwa imegundua kwamba watoto wachanga wa Trans Nzoia wamekuwa wakichezeshwa kiholela, tena na watu wasio na mafunzo yoyote. Mama anajificha uso nyuma ya leso, anaibuka, mtoto anacheka, na hakuna ofisi inayoarifiwa. Wataalamu walikuwa wamethibitisha kwamba mchezo hukuza ubongo wa mtoto. Sasa jambo linalokuza ubongo wa raia lingeachwaje mikononi mwa mama yake?

Ndipo mwaka wa 2006 ikaundwa Idara ya Uratibu wa Michezo ya Watoto Wachanga, na Bwana Ngige Kibe akateuliwa mratibu wa wilaya. Awali Ngige alisimamia majosho ya ng'ombe. Majosho yalipokauka, wakubwa walimtazama wakaona anafaa kwa watoto.

Alikuwa mtu wa kazi, hilo lazima lisemwe. Alihudhuria semina Naivasha kuhusu hatua za kicheko, akaenda warsha Kisumu kuhusu kutekenya, akarudi Naivasha kupitia yale ya kwanza. Binti yake wa pekee, Nyaruai, alianza kuketi wakati wa semina ya pili. Ngige alipata habari hizo kwa simu, akiwa katikati ya mada kuhusu umuhimu wa baba kuwa karibu.

Shida ilianza na uzinduzi. Mkurugenzi wa idara, Kinyua mwenyewe, angetoka Nairobi kuja kuzindua, na kama uwezekano wa kusahau upo, tukumbushane: huku kwetu chakula hakipakuliwi kabla ya mgeni wa heshima kufika, na bomba likishatoa maji hufungwa kwanza ili mkubwa aje alifungue. Kwa hiyo Ngige alifikiri sawasawa kabisa alipotoa agizo. Kwa kuwa mchezo haujafunguliwa rasmi, hakuna mtoto atakayechezeshwa mpaka Mkurugenzi aje aufungue. Machifu walilisambaza agizo hadi Kiminini, alikoishi Ngige mwenyewe na mkewe Kabura.

Mkurugenzi akaahirisha. Halafu akaahirisha tena. Ngige hakutetereka, maana alikuwa ameahidiwa kwamba uzinduzi ukifana atahamishiwa makao makuu, kwenye ofisi yenye zulia. Zulia hilo alikuwa akiliota.

Jioni moja alisimama mlangoni kwake kabla ya kubisha hodi.

"Mama Nyaruai," alisema akiingia, "nimesikia mtu akicheka humu ndani."

"Ni redio," Kabura akajibu.

"Redio haina betri."

"Basi ni mimi. Ama na mimi nimepigwa marufuku?"

"Watu wazima wako chini ya idara nyingine."

Kabura alimweka mtoto vizuri pajani. "Baba Nyaruai, huyu ako na jina ya mama yako. Si ungeenda kwa mama yako umwambie akae bila kucheka mpaka mtu atoke Nairobi?"

Ngige alikohoa. "Kwa sasa tunaomba ushirikiano wako," akasema.

Nyaruai naye alikuwa amenyamaza kitambo. Kila baba yake alipoingia, mtoto alifunga mdomo, akamkazia macho kama mtu anayekaguliwa. Ilimuuma Ngige, na ilimuuma kuliko alivyotaka kukubali. Hajawahi kumwona mwanawe akicheka, hata mara moja. Alijituliza kwamba uzinduzi ukipita atamchezesha kwa mamlaka kamili.

Siku ilifika. Akina mama waliketishwa kwenye uwanja wa maonyesho tangu asubuhi, watoto mapajani, wakitazama mahema matupu. Bramwel, msaidizi wa Ngige aliyetoka Bokoli, alizunguka akihakikisha hakuna vurugu.

"Bosi," alikuja kunong'ona, "kuna wamama wanachezesha watoto huko nyuma ya tangi la maji."

"Wametumia nini?"

"Vidole, bosi."

"Wape onyo la kwanza."

Mama mmoja wa mstari wa mbele, Emmy, alimvuta Ngige koti. "Afisa, si hata nimrushe juu kidogo tu? Huyu mtoto amechoka kuangalia hema."

"Mama, vumilia. Kurusha juu kumewekwa sehemu ya pili ya ratiba."

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka Mkurugenzi alipowasili na msururu wa magari. Yakafuata maombi, kisha utambulisho kwa ngazi za vyeo, kisha utambulisho wa waliosahaulika, wakanuna, wakatambulishwa upya. Mwishowe Mkurugenzi akakabidhiwa kayamba ya plastiki iliyonunuliwa kwa ajili hiyo, akausogelea mstari wa mbele.

"Niaje, kijana!" aliunguruma, akaitikisa kayamba puani pa mtoto wa Emmy.

Mtoto akaangua kilio. Jirani yake akapokea, na kilio kikasambaa kwa utaratibu mzuri, mstari baada ya mstari, hadi nyuma kabisa. Mpiga picha wa gazeti alishusha kamera yake. Mkurugenzi akageuka, uso umevimba. "Ngige, hawa watoto wana nini?"

"Ni hisia, mheshimiwa. Labda twende moja kwa moja kwenye hotuba."

Mkurugenzi akapanda jukwaani, akajipapasa mifukoni, akagundua kwamba miwani ameiacha hotelini. Hakuwa mtu wa kushindwa na hotuba yake mwenyewe. Aliinua karatasi hadi ikagusa pua, uso wote ukapotea, akasoma mstari mmoja. Kisha akachomoza juu ya karatasi, macho yamemtoka, akapaza sauti: "Mabibi na mabwana!"

Watoto wakanyamaza.

Akarudi nyuma ya karatasi. Akasoma. Akachomoza. "Aidha!"

Mtoto wa Emmy akacheka.

Akapotea tena. Safari hii uwanja mzima ulingoja, na mama mmoja akashika mdomo. Alipochomoza na "Vilevile!", watoto walilipuka kwa kicheko, na mama zao wakafuata. Mkurugenzi akakunja uso, akajificha, akachomoza ghafla kuwakaripia: "Nyamazeni!" Hilo ndilo lililowavunja mbavu.

"Ngige!" aliita kutoka nyuma ya karatasi. Akaibuka. "Wanyamazishe! La sivyo Nairobi uisahau!"

Ngige alisimama, kinywa wazi tayari kuamuru. Hapo ndipo alipomwona Nyaruai pajani kwa Kabura, akipiga makofi yasiyokutana, akicheka mpaka anakwama pumzi. Alikuwa na meno mawili. Ngige hakuwa na habari kwamba mwanawe ameota meno. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na pamoja nayo furaha ambayo semina zote za Naivasha hazikuwahi kuitaja.

"Mheshimiwa," alisema, "kwa mujibu wa itifaki, hotuba ikishaanza haikatizwi. Tafadhali endelea kusoma."

"Endelea!" wakaitikia wamama. "Soma, bana!"

Mkurugenzi angefanya nini? Alisoma. Alizama na kuibuka, akisema kwa hasira mambo mazito kuhusu vichocheo na viashiria, na kila alivyokasirika ndivyo watoto walivyozidi kumpenda. Ngige akajongea, akamchukua Nyaruai mikononi. Mtoto hakumtazama baba yake, macho yalikuwa jukwaani, lakini hakukataa kushikwa.

Hatimaye Mkurugenzi akafika mwisho. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akainua mikono. "Natangaza rasmi kwamba mchezo umefunguliwa!"

Watoto walimtazama, uso wake mzima ukionekana, bila chochote mbele yake. Kicheko kikakatika. Mdomo wa Nyaruai ukaanza kupinda, na mahali fulani nyuma mtoto mmoja akaanza kulia.

Mpiga picha akalalamika kwamba picha nzuri imempita.

Mkurugenzi akamtazama Ngige. Ngige akamtazama binti yake, akaaga zulia la Nairobi, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akampa mkubwa amri.

"Mheshimiwa, rudi nyuma ya karatasi."

Mkurugenzi aliitazama kamera, akawatazama watoto waliokuwa wakikunja nyuso mmoja mmoja, kisha polepole akaitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akauficha uso wake.

Kesho yake gazeti lilichapa picha ya uwanja mzima ukicheka, na katikati, mahali pa Mkurugenzi, karatasi. Waziri alifurahi sana. Aliagiza Mkurugenzi apelekwe Bungoma na Malakisi wiki hiyo hiyo, na kote huko asionyeshe uso zaidi ya alivyouonyesha Kitale.