Chupa Mbili kwa Mama Shilinde

Jumatatu, 1 Julai. Kilosa.

Miaka mitatu sasa tangu marehemu mke wangu, Bibiana, mama wa binti yetu Letisia, anitoke, na miaka mitatu nakula migahawani. Leo ugali wa baridi, mhudumu wa baridi zaidi. Nimechoka! Nataka mtu wa kuniuliza kama nimekula. Basi. Naandika wazi maana daftari hili halina msomaji.

Mtu mwenyewe nimeshampata. Paulina, mjane, ana mgahawa Mikumi kando ya barabara kuu. Wateja humwita Mama Shilinde. Siku ya kwanza tu aliniuliza kama nimetia kitu tumboni tangu asubuhi. Machozi yalinilenga.

Kasoro moja: mgahawa wake uko nyuma mno. Chai ya majani hakuna. Kahawa hakuna. Mchaichai na maziwa mgando tu! Hali yake ngumu, maskini. Mpango: auze mvinyo wa Dodoma, ule wa bei nafuu, kwa watalii wanaoenda mbugani. Mimi niwe mtaalamu wake. Mtaalamu lazima awepo kila siku. Kutoka hapo hadi ndoa ni hatua mbili.

Kasoro ya mpango: sijui lolote kuhusu mvinyo.

Jumanne, 2 Julai.

Utafiti umeanza. Chupa tatu kwenye mkoba, migahawa mitatu ya hapa mjini. Karibu na stesheni, nyekundu kavu kwa chapati: inakwaruza koo. Sokoni, nyeupe kwa supu ya utumbo: siandiki zaidi. Wa tatu kwa Nassir, ambaye namfahamu tangu ujana. Alinitoa nje, mimi na mkoba wangu! Alisema ninajua fika kwake pombe haiingii, na kwamba siku nyingine kabla ya kufungua chupa niulize kwanza nimo nyumbani kwa nani. Nikamwomba radhi. Baadaye akaniletea maandazi pale pale nje. Niliona haya.

Nyekundu tamu inakwenda vizuri na maandazi. Nimeandika.

Alhamisi, 4 Julai. Mikumi.

Kuna mpinzani! Anaitwa Goodhope, mstaafu wa shamba la mbegu Kilangali. Mpole hadi anaudhi. Nilimkuta akipigilia misumari benchi la Paulina linalotikisika. Nilimdodosa kuhusu mvinyo. Hajawahi hata kuonja! Moyo ukatulia.

Paulina akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia hilo lisubiri, nina jambo kubwa. Nikamweleza tofauti ya nyekundu kavu na nyekundu tamu, robo saa nzima, bila kumtajia mpango wenyewe. Alisikiliza kwa adabu. Sahani aliyonipakulia ikapoa. Mwishowe Goodhope akaila, ili isitupwe.

Nikaahidi kurudi kesho jioni na zawadi. Akasema kesho jioni haitafaa. Aibu za mjane. Nimeelewa.

Ijumaa, 5 Julai. Gesti, Mikumi.



Nilifika jua likikaribia kuzama. Sufuria zimeoshwa, chakula cha kesho kimeshapikwa na kufunikwa. Ndani watu kama kumi, wamevaa vizuri, Goodhope yupo mbele. Nikajua: wazee wa familia wameitwa kunisikiliza! Sikuuliza. Nikatoa chupa mbili, nikaziweka mezani kando ya Biblia, nikaanza na habari ya zabibu za Dodoma.

Wote wakanikodolea macho. Nikadhani wamevutiwa, nikafungua moja.

Paulina akanivuta pembeni. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba wao ni Wasabato, na Sabato inaingia jua linapozama, yaani sasa hivi. Kwamba hawanywi pombe, wala kahawa, wala chai ya majani. Mchaichai! Maziwa mgando! Yote yalikuwa mbele ya macho yangu! Na Goodhope ni mzee wa kanisa. Alinisindikiza hadi barabarani akinibebea zile chupa kwa ncha za vidole. Aliniombea pia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi, 6 Julai.

Mgahawa umefungwa. Sijala tangu jana mchana. Nimekunywa nyekundu kwa kikombe cha kupigia mswaki. Chungu.

Nimemkumbuka Bibiana. Miaka ishirini na sita alinipikia, na sijui yeye mwenyewe alipenda kula nini. Sikuwahi kumwuliza.

Jumapili, 7 Julai.

Nilipita kuaga. Paulina hakuwa na kinyongo. Akaniuliza, Baba Letisia, umekula? Nikajibu nimekula, nimeshiba kabisa. Nilitaka anione mwanamume asiye na shida. Tumbo likanguruma, sidhani kama hakusikia.

Akasema basi, nakaribishwa harusini. Yeye na Goodhope, tarehe 28. Wamechumbiana tangu Mei. Tangu Mei! Nilimpongeza. Kisha nikakaa kwenye lile benchi muda mrefu. Halitikisiki tena.

Ijumaa, 26 Julai. Kilosa.

Kamati ya harusi imeniomba nichangie mchele. Mchele! Mtu mwenye ujuzi wangu!

Nimelitafakari lile jambo wiki tatu, bila hasira, na kosa nimeliona. Ilikuwa ile rangi. Kwa watu wacha Mungu, nyekundu ni kali mno machoni. Nimenunua katoni nzima ya nyeupe, itakaa meza kuu. Isitoshe, nasikia mama mdogo wa Paulina naye ni mjane, na atakuwepo.

Nilipitia kwa Nassir kuomba kamba ya kufungia katoni. Katoni yenyewe niliiacha nje mlangoni, kwa heshima. Akatazama katoni, akanitazama mimi, akavuta kiti, akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia asinikatize, nahesabu chupa.