Matanga ya Rais wa Kwanza

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya. Karatasi imetoka shuleni.

Darasa la Ketsia, la sita, kila mtoto anatunga kitabu kidogo cha historia ya nchi ya mbali. Watakaokisoma ni watoto wa darasa la kwanza. Ketsia wangu kachagua Marekani. Nikamuuliza kwa nini si Kongo. Akasema Kongo ni lazima ueleze kila kitu, Marekani watu wanaijua tayari. Haya.

Lakini chini ya karatasi kuna mstari: mtu mzima atakayemsaidia mtoto. Mstari umeshajazwa! Nimesoma herufi moja moja. Ka. Wi. Ra.

Kawira wa nyumba iliyoungana na yetu! Muuguzi, Mkenya wa Meru, hana mtoto, ana mashine ya kuchapa. Mimi nilimzaa Ketsia ukimbizini, kambini Nyarugusu, mvua inaingia mlangoni, na sina mstari.

Nilimuuliza Ketsia polepole, bila kupandisha sauti. Akajibu kwa Kiingereza, maana siku hizi Kiswahili kinaingia kwake, hakitoki. Akasema mama, wewe uliishia la nne. Kweli. Lakini la nne la zamani!

Bruno, mume wangu, anasema niache. Bruno ni mtu wa kuacha.

Karatasi inarudi shuleni Ijumaa ya wiki ijayo, pamoja na kitabu. Jina limeandikwa kwa penseli. Nimeangalia vizuri. Penseli inafutika.

Jumanne, 5 Agosti

Leo sina kazi, kiwanda cha kufunga saladi kinanipa Jumanne. Mpango umepatikana. Nitaandika historia ya Marekani mimi mwenyewe, kwa Kiswahili, nzuri kuliko ya Kawira. Ketsia ataisoma, ataona aibu, atashika kifutio.

Nimempigia mdogo wangu Yvette, yuko Kentucky. Hapa Blacktown, huku kusini kabisa mwa dunia, ni Jumanne asubuhi, kwake bado Jumatatu. Wamarekani wote hao na siku hawajaifikia! Yvette alifanya mtihani wa uraia mwaka jana, kichwa chake kimejaa maswali mia moja na majibu yake. Akanimwagia yote. Majimbo kumi na matatu ya kwanza. Mistari ya bendera. Waingereza walitaka ushuru juu ya chai, watu wakapanda merikebu wakatupa chai yote majini. Nikamwambia Yvette, yaani chai nzima? Masanduku mazima? Akasema mazima. Nimekaa nayo siku nzima hiyo. Mama zao walisema nini?

Rais wa kwanza: Georges Washington. Alioa mjane, Martha, mwenye watoto tayari, akawalea. Mtu mwema kwa hilo. Yeye mwenyewe hakuzaa. Alikufa kwa koo. Alitoka na farasi kwenye theluji, akarudi amelowa, akakaa mezani kula bila kubadilisha nguo. Bila kubadilisha! Siku mbili tu, kwisha.

Nimemwambia Ketsia habari hiyo alipokuwa anatoka bila sweta. Akavaa. Historia inafanya kazi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilienda kwa Kawira kuazima chumvi. Chumvi ninayo. Nilitaka kuona.

Wako mezani wawili, yeye na Ketsia. Picha za rangi, vichwa vya habari, karatasi nzito. Kawira akasema aki Mama Ketsia, karibu, siri ya kuandikia watoto wadogo ni sentensi fupi na picha kubwa. Akasema pia kuna mambo wanayaruka, wadogo wasiogope. Nikasema ndiyo, ndiyo. Nikarudi nyumbani nikahesabu sentensi yangu ya kwanza. Inaanza juu ya ukurasa, inaishia chini.

Bruno akauliza unaandikaje historia wewe, hujawahi kuisoma. Kweli, lakini nimeisikia. Kwetu historia inasomwa siku moja tu: mbele ya sanduku. Historia ya marehemu. Alizaliwa wapi, baba nani, alioa nani, aliugua nini, ameacha nani. Mimi mwenyewe nimeandikia watu saba, kambini na hapa Blacktown, na wote walilia vizuri. Basi hiyo ndiyo njia ninayoijua. Nimeanza na kifo, halafu ukoo.

Nimesoma kwa sauti jikoni. Nimelia kidogo mimi mwenyewe, kwa ajili ya Martha. Mjane mara mbili!

Jumamosi, 9 Agosti

Kitabu lazima kijaribiwe kwa watu kabla mtoto hajakiona. Nimekisoma kwenye simu, sauti ya dakika kumi na moja, nikatuma kwenye kundi letu la Waswahili wa Blacktown na Rooty Hill. Watu mia mbili na kitu.

Nilianza hivi: “Wapendwa, kwa majonzi, historia ya marehemu Georges, aliyetutoka kule Marekani. Alirudi nyumbani amelowa, akashikwa na koo, madaktari wakajitahidi. Amemwacha mjane Martha.” Pazuri. Kwenye dakika ya tisa nimeeleza kuwa ni kitabu cha watoto.

Dakika moja haijapita, majibu! Mikono ya kuomba. Njiwa. Mishumaa. Mzee Balthazar, mwenyekiti wetu, ameandika: tuko pamoja nawe, dada. Kawira pia! Ameandika pole sana jirani. Nikafikiri, anajua ameshindwa.

Nimelala mchana kama malkia.

Jumapili, 10 Agosti

Ee Mungu.

Tumetoka kanisani, tumefika nyumbani, barabara imejaa magari. Watu wametandika mikeka sebuleni, Bruno aliacha mlango wazi. Kochi limetolewa nje kwenye majani. Akina mama wako jikoni kwangu, wana sufuria kubwa ya kanisa, foufou, sombe, kreti za soda. Mtu mmoja katoka Liverpool, ile ya hapahapa si ya Uingereza, kwa treni na viti viwili vya plastiki. Mama Candide, ambaye hakunisalimia tangu Pasaka, kanishika shingo anapiga kelele: uwi, Georges! Georges alikuwa kijana!

Nikasema alikuwa na miaka sitini na saba. Akalia zaidi.

Mzee Balthazar alinivuta pembeni, akauliza kwa upole huyu ndugu yako wa Marekani atazikwa hukohuko au mwili utaletwa. Watu wameacha zamu zao za Jumapili! Mtu gani anaweza kusema, akiwaangalia usoni, kwamba mnamlilia rais? Nikasema atazikwa hukohuko. Mungu anisamehe, si uongo.

Kawira akaingia na chapati arobaini, akanikumbatia, akanong'ona nimpumzishe Ketsia na kile kitabu, msiba kwanza, atammalizia yeye mwenyewe. Mwenyewe! Hapo ndipo nililia kweli. Watu wakasema voilà, sasa inatoka.

Ketsia alikuwa chumbani anasikiliza ile sauti kwenye simu ya Bruno. Mtu wa kwanza kuisikiliza mpaka dakika ya tisa! Akatoka. Akasimama katikati ya mkeka, miguu miwili midogo na soksi zake. Nikajua sasa ananiaibisha mbele ya dunia.

Akasema kwa Kiswahili. Kiswahili! Akasema: “Hapana kulia, wazee. Huyu mtu alikufa zamani sana. Miaka mia mbili na zaidi. Mama alikuwa anasoma historia.”

Akina mama wakatoka jikoni na miiko mkononi.

Mzee Balthazar akauliza, miaka mia mbili, na sisi tunaambiwa jana? Mtu akacheka nyuma, halafu mwingine, mpaka Mama Candide akashika mbavu. Lakini akasema chakula kimeshapikwa, hatuendi bila kuijua habari ya marehemu. Mtoto, tuambie.

Ketsia akaleta kitabu chake, akageuza kurasa, akaeleza. Maneno mengine yalimkwama, wazee wakamsukumia. Chai ilipotupwa majini akina mama walisema kama mimi: masanduku mazima? Halafu Mzee akauliza huyu Georges alikula nini. Ketsia akasema alikuwa na mashamba makubwa. Mzee akauliza, na nani alilima?

Ketsia akamwangalia Kawira. Kawira akaangalia chapati. Ketsia akasema polepole: watu weusi. Walinunuliwa. Mamia. Akasema ukurasa huo haumo, tuliogopa utawatisha wadogo.

Mama Candide akasema, mimi nilibeba mzigo wa askari msituni nikiwa na miaka minane. Mtoto mdogo anajua mtu akinyang'anywa. Waandikie. Waandikie taratibu, lakini waandikie.

Tumekula mpaka jioni. Kochi limeingia na majani yake.

Jumatano, 13 Agosti

Aibu inapungua. Kazini wananiita Mama Georges.

Nilimuuliza Ketsia kama amenikasirikia. Akasema kidogo, halafu akaniuliza neno la kununua mtu kama kitu. Nikampa. Akauliza Mama Candide alikuwa na hofu gani pale msituni. Nikamweleza nilichokiona mimi pia, kilomita chache nilizoweza kusimulia. Hajawahi kuniuliza. Tulikaa mpaka wali ukaungua.

Kawira alikuja akasoma ukurasa mpya, akavua miwani akaifuta. Akasema ni mzuri kuliko yote, na yeye asingeuthubutu. Niliona vibaya kumchukia siku hiyo. Nikamrudishia chumvi.

Mstari sijauangalia. Nimeuangalia. Bado Kawira.

Ijumaa, 15 Agosti

Kitabu kimeenda. Mwalimu alituita wazazi asubuhi tusikilize, watoto wadogo wamekaa kwenye zulia. Ketsia alisoma. Kwenye ukurasa ule msichana mmoja mdogo aliinua mkono akauliza majina yao, wale waliolima. Ketsia akasema mengi hayajulikani, ndiyo maana ameacha nafasi nyeupe. Ile nafasi nilidhani wino uliisha!

Baadaye nikashika karatasi. Mstari: Kawira, sasa kwa kalamu kabisa. Halafu Kawira mwenyewe akanigusa bega, akafungua kitabu mbele kabisa, kabla ya kila kitu, akanisomea kwa Kiswahili: “Kitabu hiki ni cha mama yangu, ambaye analilia watu wote, hata asiowajua.”

Nimeomba nakala sita.

Mwalimu amesema muhula ujao ni milima ya moto. Mlima wa moto! Mimi niliukimbia ule wa Goma na sufuria kichwani. Hapa Kawira hana la kusema. Na safari hii nimejifunza, simfanyi mtu mjinga tena. Nimekaa nikafikiri sana, nikaona kosa langu lilikuwa lile neno marehemu. Basi hafi mtu hata mmoja. Nimeanza na watu walio hai kabisa, nimerekodi sasa hivi na nimetuma kwenye kundi: “Wapendwa, mlima umepasuka! Moto umeingia mjini, ndugu zetu wako barabarani na magodoro!”

Simu yangu inaita. Ya Bruno nayo. Ya Kawira naisikia ukutani, na miguu yake inakimbia.

Watu wetu wanapenda hadithi! Acha nibandike chai kwanza.