Gundi Kwenye Gitaa la Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Nimeingia bendi ya ofisi! Mimi, karani wa masjala, ambaye hata kubisha mlango wa mkuu wa idara hunitoa jasho. Jumamosi tunapiga kwenye sherehe ya kumuaga mkuu huyohuyo. Mjomba kaniazima gitaa lake la besi. Nilitunze kama yai, nilirudishe Jumapili. Nimemwapia.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi. Mshika fedha, tunayemwita Marashi, ndiye mpiga besi wa akiba. Ananiombea nianguke, naona machoni. Kaligeuza gitaa la mjomba, kaona skrubu nne mgongoni, pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Kaita wenzake waje waone.
“Kaka, hili gitaa au kitanda cha bweni?”
Lake shingo imeungwa kwa gundi kiwandani. Ukipapasa husikii kiungo. Eti ndiyo maana linalia vizuri. Kiongozi wa bendi kaitikia kwa kichwa. 

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma sana. Kumbe kuna namna tatu za kuunga shingo ya gitaa: skrubu, gundi, au ubao mmoja unaopita kutoka kichwani hadi kitakoni. Ya tatu inahitaji gitaa jipya. Ya pili inahitaji gundi tu! Nimetoa skrubu, nimepaka gundi ya mbao, nimekaza kwa mikanda yangu yote ya suruali. Matundu nimeziba kwa nta ya mshumaa. Maelezo yalitaka vanishi ipigwe msasa kwanza, ili gundi ishike mbao yenyewe. Nimeacha. Mali ya watu haikwaruzwi.
Kazini nimeshinda nimeshika suruali kwa mkono.

Alhamisi, 6 Machi
Imeshika! Marashi kapapasa mgongo mzima akitafuta kiungo. Nimetembea kifua mbele hadi mjomba alipopiga simu. Ana furaha. Shingo ile imepinda siku nyingi, sasa fundi kampatia mpya. Jumapili anaibadilisha.
“Ndiyo raha ya skrubu, mpwa wangu. Shingo ikichoka, unaitoa.”
Nikasema ni habari njema sana. 

Ijumaa, 7 Machi
Dada kashika kiwiliwili, mimi nimevuta shingo. Wapi! Kaniuliza namkaba nani na kosa lake nini. Mjomba hataniamini tena maisha.

Jumamosi, 8 Machi
Wimbo wa kwanza salama. Wa pili, taa za jukwaa zinachoma, nyuzi zinavuta. Nikasikia mlio kama biskuti inavunjwa. Shingo ikainama mbele ya watu, nyuzi zikaning'inia kama kamba za kuanikia nguo. Marashi akapanda jukwaani akitabasamu. Mkuu wa idara akacheka hadi akafuta machozi.
Shingo imetoka! Bila mkwaruzo! Nilikuwa mtu pekee ukumbini aliyepiga makofi.

Jumapili, 9 Machi
Mjomba kauliza haya magamba ya njano ni nini. Nikasema unyevu. Kanusa, kasema unyevu wa siku hizi unanuka gundi. Kacheka, kakwangua, kafunga shingo mpya kwa skrubu zilezile. Linalia vizuri mno.
Kiongozi wa bendi kapiga simu: Ijumaa anakaribishwa mkuu mpya, na watu wananiulizia mimi, si Marashi! Mjomba kaniazima tena, kwa sharti moja: nisiguse skrubu. Nimemwapia.
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa kuacha msasa tu. Nimeshanunua. Mikanda ninayo.
Na skrubu sitazigusa. Atafungua dada.