Nani Anamwaga Oili Chini ya Gari Langu?

Jumatatu, 3 Juni

Tone jingine asubuhi hii! Jeusi, la mviringo, katikati ya kigae cheupe. Si pembeni, si kwenye ufa. Katikati kabisa. Oili inayovuja yenyewe haina shabaha namna hiyo.

Mke wangu kaliona kabla yangu. Vigae vya barazani ni vyake, kavichagua kimoja kimoja, na bado vina harufu ya dukani. Hukumu ikatoka kabla sijamaliza chai: Jumamosi asubuhi atatoka kukagua. Akikuta tone, hata moja, gari linahamia kwa kaka yake, ambaye ua wake ni wa udongo na hauna cha kuharibika. Nikamwambia anatania. Akasema amechoka kuishi na mke mwenza anayekojoa ovyo.

Gari langu la spoti! Jekundu, viti viwili, milango miwili, umri wake unakaribia wangu. Nililitamani nikiwa kijana wa kutembea kwa miguu, nikalipata kichwa kikiwa na mvi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kufungua duka langu la makufuli nakaa ndani yake kidogo, mikono kwenye usukani, bila kuwasha. Hakuna mahali pengine duniani ambapo sijioni mzee. Na sasa liende kwa shemeji?

Nimefikiri sana dukani. Wateja wawili wameondoka bila kuhudumiwa, lakini nimepata mwanga. Wiki iliyopita nilifungua boneti nikaona juu ya injini kuna kibomba kifupi cha mpira kimeachama, wazi, kama mdomo wa mtu aliyelala. Yeyote angeweza kutia mchanga humo. Mimi ni mtu wa makufuli, siachi tundu wazi. Nikakiziba kwa soksi, nikaifunga kwa waya. Kazi safi. Na wiki hiyohiyo oili ikaanza kuonekana chini! Yaani nilipoziba njia yao ya kwanza, wakatafuta ya pili. Hii si bahati mbaya. Ninapigwa vita.

Jumanne, 4 Juni

Swali la mpelelezi yeyote: nani anafaidika?

Jibu: shemeji. Kazi yake ni fundi bomba. Mtu anayeishi kwa mivujo ya wenzake! Watu wakivujiwa, yeye anakula. Tena kila akija hapa hulizunguka gari langu akipiga mluzi, kisha hulipapasa ubavuni. Mara mbili kasema, "Hili gari ni zuri, shemeji." Mtu hasifii bure mara mbili.

Hata hivyo nimemwita fundi magari, ili nisionekane mwenye roho mbaya. Mtaani wanamwita Fundi Pole, kwa sababu kabla ya kugusa gari lolote huliambia pole. Akaliambia langu pole, akainama, akachungulia, akasimama. Nikamwonyesha tone. Hakulitazama! Akasema tone la chini haliambii mtu chochote, oili hutiririka na kurushwa na upepo, inaweza kutoka mbele ikadondoka nyuma. Lazima tutafute pale juu kabisa palipolowa.

Nimeuza makufuli miaka mingi na sijaona mtu anayechunguza wizi kwa kukataa kutazama mlango uliovunjwa. Nimemweka kwenye orodha ya washukiwa.

Akaisafisha injini yote kwa brashi na petroli, akaikausha. Akaniagiza niinyunyizie poda ya mtoto, nizunguke nayo mitaa michache, kisha nifungue boneti. Poda itakapokuwa imelowa, hapo ndipo panapovuja. Mke wangu akauliza tangu lini gari likawa na vipele vya joto.

Nimeinyunyizia. Nimezunguka. Na wazo likanijia, nikacheka peke yangu kwenye usukani. Kopo bado lilikuwa na poda nusu. Nikaimwaga barazani, kulizunguka gari pande zote. Injini itaniambia oili inatoka wapi. Sakafu itaniambia nani anakuja!

Jumatano, 5 Juni

NIMEMPATA! Nyayo! Kubwa, wazi, za mtu mzima. Zimelizunguka gari zima, zikasimama kwenye mlango wa dereva, zikaenda mbele, zikarudi. Mtu asiye na haraka. Mtu anayejiona yuko kwake.

Nikamwita mke wangu aje kama shahidi. Akatazama nyayo, akatazama miguu yangu. Akaniomba nivue kandambili ya kulia. Akaiweka juu ya alama. Ikakaa sawasawa, hadi ule mkato wa kisigino. Akaniuliza nilitoka mara ngapi kuangalia kama kuna mtu. Nikakiri kwamba mara kadhaa. Akaingia ndani, akarudi na ufagio, akanipa mimi.

Sawa, kandambili ni zangu. Lakini huwa naziacha mlangoni. Adui mwerevu angevaa nini kingine?

Fundi Pole akaja mchana. Chini ya boneti poda ilikuwa imelowa kuzunguka kifuniko cha juu cha injini. Akafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Kasema gasketi ya kifuniko imechoka, imekauka, haizibi tena. Akaitoa, akaikunja mbele yangu, ikavunjika kama biskuti. Akakwangua, akafuta, akaweka mpya, akakaza nati kidogo kidogo kwa kupishanisha, moja huku moja kule. Nikasimama juu ya kichwa chake muda wote. Akaniomba nimpishe mwanga. Nikampisha kidogo.

Nikamwomba ile ya zamani niihifadhi kama ushahidi. Akauliza ushahidi wa nini. Nikasema hayo tutaongea mahakamani. Akasema pole. Safari hii hakuwa akiliambia gari.

Alhamisi, 6 Juni

Matone matatu! Na si pale pa jana. Moja mbele, mawili nyuma, na kile kijiti cha kupimia oili kimesukumwa juu kutoka kwenye tundu lake kana kwamba kuna mtu amekivuta.

Mtu amekivuta!

Fundi Pole kaitwa tena. Amekuna kichwa. Kasema hajaelewa, gasketi yake iko kavu upande mmoja na upande mwingine inalia, na oili inatoka hata pale ambapo haina sababu ya kutokea. Kasema ni kama injini imevimbiwa. Nikamtazama machoni, nikamuuliza taratibu kama kuna mafundi wanaoziba tundu moja na kufungua mawili ili waitwe tena. Nilisema "kuna mafundi". Sikusema yeye. Akafunga sanduku lake la spana, kila spana mahali pake, akasema ana heshima zake. Akaondoka. Hakuliaga hata gari.

Mke wangu kasema nimemtukana mtu wa watu. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akasema basi nijikague nguo.

Nimekaa ndani ya gari leo baada ya kufunga duka. Kile kiti kina tundu dogo karibu na goti, kidole changu huingia humo chenyewe. Nikajaribu kufikiria asubuhi ya Jumapili bila kiti hiki. Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: naogopa.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu kamwita shemeji. Bila kuniuliza! Nimerudi kula nikamkuta kainama chini ya boneti yangu, anapiga mluzi. Mchawi mpe mtoto amlee, wahenga walisema, lakini hawakusema mkeo ndiye atakayemkabidhi.

Nikasimama nyuma yake nione mikono. Mluzi ukakatika. Akauliza hiki ni nini. Akaingiza vidole kwenye kile kibomba cha mpira, akafungua waya, akaanza kuvuta. Ikatoka soksi. Ndefu. Nyeusi kwa oili, inadondoka.

Nilipiga kelele kabla sijafikiri. Nikasema, "Mmeona! Hujuma! Mmeona wenyewe!" Jirani akachungulia juu ya ukuta. Nikamwambia naye ashuhudie.

Mke wangu akaichukua soksi kwa ncha za vidole, akaigeuza. Kisigino kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Aliushona yeye. Akauliza nyingine iko wapi. Nikasema adui huwa haibi zote mbili.

Akaninyooshea soksi usoni. Ikabidi niseme kwamba niliiweka mimi, kwa usalama.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, juu ya vigae, akajipiga mapaja. Alipopata pumzi akaeleza, na alieleza kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Kibomba kile ndicho pua ya injini. Injini ikifanya kazi hujaa hewa, na hewa hiyo hutokea hapo. Mimi nimeiziba pua. Hewa ikakosa njia, ikaisukuma oili kwenye kila mshono, ikakirusha na kile kijiti. Kasema ni kama bomba lolote, ukiziba juu itatokea chini, na kwamba kwa fundi bomba haya ni masomo ya siku ya kwanza. Akaifuta injini, akaiwasha, akaiacha ingurume tukiwa tumesimama. Hakuna kilichovuja. Mke wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Akaniambia vigae vikiwa hivyo kesho, gari langu halitoki, na mimi nikamwombe radhi Fundi Pole.

Shemeji akaongeza kwamba yeye gari hili halitaki hata kidogo, magoti yake hayaingii, alikubali kulihifadhi ili dada yake apate amani.

Halitaki! Ndivyo hasa angesema mtu anayelitaka.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamka kabla ya watu. Nimetoka barazani kwa kunyata. Nimepiga magoti. Kavu! Nimepapasa kila kigae kwa kiganja. Kavu, baridi, safi. Nilitaka kuimba.

Mke wangu alikuwa jikoni, birika halijachemka. Nilikuwa na nafasi ya kukaa kwenye kiti changu na kumsubiri kwa raha. Nilikaa. Na pale nilipokaa nikaanza kuwaza.

Mbona hakuna hata tone? Gari la umri huu! Juzi matone matatu, leo hakuna kabisa. Oili haiachi tabia ghafla hivyo. Gari haliwezi kuvuja kitu ambacho halina. Na ni nani aliyekuwa peke yake chini ya boneti kabla sijarudi kula? Vipi kama alishaikamua yote? Leo niendeshe kwa furaha, injini ife njiani, naye aje kusema pole shemeji, acha nikuondolee chuma hiki?

Nilivuta kile kijiti. Kikaonyesha oili imejaa. Lakini kijiti ni yeye aliyekirudisha jana kwa mkono wake. Siwezi kumhoji shahidi aliyelala nyumbani kwa mshtakiwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaweka jeki, nikatega mawe, nikaingia chini na spana. Kuna nati moja chini ya karai la oili, ya kumwagia oili wakati wa kuibadilisha. Nilikusudia kuilegeza kidogo tu. Nione unyevu, niridhike, nikaze. Nikalegeza kidogo. Hakuna kitu. Nikajua! Nikalegeza tena.

Nati ilinitoka mkononi ikanipiga kidevuni.

Oili ilikuwemo. Yote. Ilinimwagikia kifuani, shingoni, kwenye sikio la kushoto, kisha ikaenda zake juu ya vigae vyeupe, kwa utaratibu, kigae hadi kigae, mpaka kizingitini. Nilijaribu kuziba tundu kwa kidole gumba. Ikapita pembeni. Nikageuza kichwa nikaona miguu miwili mlangoni, na kikombe cha chai kinatoa moshi.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu kwamba alishasema: hata tone moja.

Shemeji akaja mchana na oili mpya. Fundi Pole alikuja naye, kakaza nati mwenyewe, na nilisikia akiliambia gari pole kwa moyo kabisa. Niliwapa funguo. Sikuwaambia kwamba gia ya pili inataka kubembelezwa, kisha nikakimbia hadi kona kuwaambia. Nikasikia mngurumo ukipungua, ukapungua, kisha nikawa nasikia mtaa tu. Nimelia. Mke wangu kanishika bega, akasema nitakwenda kulitembelea. Nimelia zaidi.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari na kujikosoa, kama mtu mzima.

Kwanza: imethibitika kwamba oili ilikuwemo. Kwa hiyo shemeji hakuiba. Kwa siku hiyo.

Pili: aliyetengeneza karai la oili akaweka tundu chini yake alikuwa na nia gani?

Mke wangu amesugua vigae kwa sabuni tangu alfajiri. Pale gari lilipokuwa kapanga vyungu vya maua, vyote vipya, vimejipanga kama wageni. Kasema panapendeza. Nikakubali, kwa ajili ya amani. Tukanywa chai barazani, wawili tu, na kwa kweli hali ilikuwa nzuri, akanitania, nikacheka.

Kisha nikaona. Chini ya chungu cha tatu, kwenye kigae cheupe, unyevu. Kidogo. Wa mviringo.

Nikamuuliza kwa upole. Akasema ni maji, katoka kuyanywesha maua sasa hivi. Vyungu vinne vimekaa vikavu, kimoja tu kinavuja, na yeye anasema ni maji! Nikangoja aingie ndani na vikombe. Nikalishika ua shingoni nikaling'oa, nione wameficha nini.

Mizizi tu. Wameniwahi.