Figo za Mume Wangu Katika Jarida Lako

Kwa Mhariri wa Jarida la Ini na Figo

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa yaliyonikuta yangeniruhusu kuzipunguza. Mimi ni mkazamjomba wa yule mtafiti ambaye jarida lako halitoki bila yeye. Nyumbani tunamwita Daktari Makala. Naomba umfungie mlango asiingize hata aya moja zaidi, kwa sababu hizi:

1. Panya. Mpwa wetu alikuwa na kizimba kimoja tu cha panya. Makala ya kwanza ilihusu maini yao. Ya pili, figo zao za kushoto. Nikadhani amemaliza, kumbe panya nao, kama sisi, wana figo ya kulia, nawe ukaichapa. Muuza samaki akikata samaki mmoja vipande vitatu na kudai ni samaki watatu, wateja watamwachia mizani yake. Wewe ulimpa kurasa za mbele.

2. Majina. Chini ya kila kichwa cha makala watu wamepangana kama wanaosubiri maji. Mkuu wa idara hakosekani. Nilimuuliza mpwa wetu mkuu huyo hufanya kazi gani, akanijibu bila kupepesa, “Yeye ndiye mwenye ufunguo wa maabara.” Basi aliyechonga mlango mmemdhulumu.

3. Kila makala inaishia kwa maneno “utafiti zaidi unahitajika.” Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Mtoto aliyemaliza insha kwa kusema insha zaidi inahitajika nilimrudisha kwenye dawati lake akaimalize.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mume wangu, fundi saa mstaafu, alianza kuvimba miguu hata viatu vikamkataa. Mpwa wake akaja, akamtoa damu, akampa fomu atie sahihi, akaondoka na kichupa cha mkojo. “Mjomba, ondoa shaka,” alisema. “Uko mikononi mwangu.”

Tukasubiri. Nilipompigia simu kuulizia majibu, alisema tusimsumbue, anakimbizana na siku ya mwisho. Nilidhani ni ya mjomba wake, nikaketi. Kumbe ni ya kupeleka makala kwako.

Alipokuja, alikuja na jarida kifuani kama mzazi wa mtoto wa kwanza. Mume wangu akavaa miwani, akafuata jedwali kwa kidole, kidole kikasimama.

“Huyu fundi saa mstaafu, anayetia chumvi kabla ya kuonja,” akauliza, “figo zake zimebaki na nguvu robo tu?”

“Mjomba, jina sikuliandika,” mpwa wake akasema. “Huwezi kumjua ni nani.”

Mume wangu alilifunga jarida, akaliweka mezani taratibu kama anavyoweka saa ya mteja. “Ungeniambia mimi kwanza,” akasema. Katika ndoa yetu yote sijamsikia akisema kwa sauti ndogo namna ile.

Asubuhi yake nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari aliyemwona hajawahi kuandika chochote isipokuwa dawa. Sasa miguu imeanza kukubaliana na viatu.

5. Kwa hiyo nadai haki. Kama mwenye ufunguo ni mwandishi, mwenye figo ni nani? Jina la mume wangu litangulie. Na kwa kuwa panya mliwahesabia kushoto na kulia, naye ahesabiwe hivyo hivyo, makala mbili. Mkishindwa, mpwa wetu afungiwe milele, na hizo makala zake wapewe panya watandike.

Nisalimie wahakiki wako wasiotajwa majina, ambao nadhani husoma taa zikiwa zimezimwa. Msalimie mpiga chapa, pole zake. Mkuu wa idara msalimie ukimkuta.

Ni mimi, mwandishi nisiye na marejeo,
Mkazamjomba wa Daktari Makala

Baada ya sahihi: Kabla sijabandika stempu, mpwa wetu amepita kumwomba mjomba wake radhi. Alipokuwa akiaga alinitazama machoni, akasema yana umanjano wa kuvutia, na kwamba anatafuta wanawake wa umri wangu kwa utafiti wa ini. Picha zitatoka kwa rangi. Nimeshatia sahihi. Tafadhali usimfungie mlango kabla ya toleo hilo, na uniwekee nakala za kutosha; mawifi zangu ni wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchapwa.