Hotuba ya Sendofu Iliyoganda Madale

Mwl. S. Kamugisha,
Mtaa wa Mikoroshoni, Madale.
Alhamisi.

Ndugu Mbwana Talha,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

YAH: PROGRAMU ILIYOGANDA NYUMBANI KWANGU NA SHEREHE YA JUMAMOSI

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa nimefundisha jiografia miaka thelathini na mitatu, nitakieleza.

Jumatatu saa nne asubuhi, programu ya kuandikia kwenye kompyuta yangu iliganda ikiwa na hotuba yangu ndani. Keshokutwa ni sendofu, tunamuaga binti yangu Loveness kabla ya harusi yake, na kamati imenipa dakika kumi baada ya keki. Wiki tatu nimekaa mbele ya hotuba hiyo kila baada ya chai. Sikuisevu. Kiduara kinazunguka mpaka leo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta haina adabu. Nimeibonyeza kwa upole, nimeibonyeza kwa ukali, kimya. Ikaniandikia kwa Kiingereza kwamba ama nisubiri ama niifunge. Mgeni gani anampangia mwenye nyumba hivyo?

2. Majirani wameigeuza mgonjwa. Tangu Jumanne wanakuja kutoa pole, na kila anayetoa pole anagusa mausi. Mama Chausiku alibonyeza mara kumi na mbili, akasema ya dada yake kule Ukonga ilifanya hivyohivyo ikapona. Mzee Gibson aliielekezea feni akidai ina homa. Sasa zimeganda programu tano badala ya moja, na sukari imetuishia.

3. Fundi Albano alinishauri niizime kwa nguvu. Hotuba ya baba kumuaga mtoto, izimwe kwa nguvu! Nilimtoa nje kwa heshima zote. Siku ya nne hii haijazimwa, na nimepiga marufuku pasi na birika la umeme, umeme usije ukakatika. Mke wangu Avelina anapiga pasi nguo za sherehe kwa jirani, na tangu jana ananisalimia kwa kichwa tu.

4. Loveness mwenyewe kasema niongee tu bila karatasi. Hili limeniuma kuliko yote. Mtoto anadhani maneno hayo yanaokotwa njiani.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako ipige marufuku mtu asiye wa familia kugusa mausi yangu. Imwite Albano aonywe mbele ya wajumbe. Wewe mwenyewe uje na muhuri, uthibitishe kwa maandishi kwamba hotuba ipo ila imekwama. Mwisho, sherehe isogezwe mpaka programu itakapozinduka yenyewe, hata ikibidi mwakani. Bwana harusi, Stanley, ni kijana mwenye subira, na anakaa hapo Wazo tu, wala hahami.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, na yule dada wa genge la jirani na ofisi. Nasubiri hatua zako nikiwa na imani, na nikiwa nimekaa palepale mbele ya kompyuta.

Mwananchi wako mtiifu,
Mwl. Stephano Kamugisha

N.B. Wakati natafuta bahasha, Loveness ameingia akaizima kwa nguvu. Imewaka na kunirudishia hotuba nzima. Kumbe ilikuwa inajisevu yenyewe. Haikupotea hata herufi. Iko vilevile nilivyoiacha: “Mwanangu Loveness,” basi. Wiki tatu, maneno mawili na koma. Ameisoma, akacheka, halafu akaacha kucheka, akanishika bega na kutoka. Mwenyekiti, nimelia.

Malalamiko yote nayafuta, na Albano asisumbuliwe. Ila wewe umeozesha mabinti watatu. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi: baada ya koma, ulisema nini?